Mawe Haya Maana Yake Nini? Mwongozo wa Kufundisha Historia Katika Shule ya Msingi ya Kikristo

Mwaka wangu wa kwanza na Gredi ya 5, katika shule moja ya kanisa huku Eastlands, niliandika ubaoni: Injili ililetwa Afrika na mmisionari Ludwig Krapf mwaka wa 1844. Watoto wakanakili kimya. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, na yule Mkushi aliyebatizwa na Filipo, yeye alirudi kwao wapi?" Nikachukua dasta nikafuta ubao. Habari ya Mkushi imo katika Matendo ya Mitume sura ya 8, nao walikuwa wamefundishwa wiki iliyotangulia, katika darasa lilelile, na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo ambaye tuliketi naye meza moja ofisini. Yeye na mimi hatukuwa tumewahi kuulizana tunafundisha nini.

Ninayoyaandika hapa yametokana na swali la msichana yule na miaka ya kujaribu iliyofuata. Nawaandikia walimu wa shule za msingi za Kikristo hapa Nairobi, zile zenye ua mpana na basi la shule, na zile za mabati kule Mukuru na Kawangware. Vifaa nitakavyotaja ni vile ambavyo mwalimu anaweza kuvinunua kwa pesa za mfukoni mwake na nauli ikabaki.

Hatua ya kwanza: keti na mwalimu wa dini

Katika mtaala wa umilisi, historia haina somo lake peke yake katika shule ya msingi. Imo ndani ya Mafunzo ya Jamii, pamoja na ramani, hali ya hewa na uraia, na vipindi vyake ni vichache vya dakika 35. Kwa hiyo kabla muhula haujaanza, chukua azimio lako la kazi, umwombe mwenzako wa dini alete lake, myaweke mezani ubavu kwa ubavu. Tieni alama kila mahali yanapokutana. Nusu saa inatosha. Mtashangaa ni mara ngapi mnafundisha nchi moja, mto mmoja au karne moja bila kujuana.

Katika kikao hichohicho kubalianeni jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kipindi cha historia kisigeuzwe mahubiri. Shule zetu zina ibada ya asubuhi, zina kasisi au mchungaji, zina vipindi vya dini. Mafundisho ya maadili yana mahali pake na muda wake. Historia ikifungwa kila mara kwa "na sisi tujifunze kuwa watiifu kama fulani", mtoto anazoea kungoja sentensi hiyo ya mwisho na kuacha kusikiliza yaliyotokea.

Wala kufanya hivyo si kuiacha imani mlangoni. Luka anapoanza Injili yake anamwambia Theofilo kwamba amejitafutia usahihi wa mambo tangu mwanzo, kama walivyoyatoa wale walioyaona kwa macho. Huyo ni mtu aliyeuliza maswali. Mimi nimeandika maswali matatu kwenye karatasi ya manila na kuyabandika juu ya ubao, na hayatoki hapo mwaka mzima: Nani anasema? Alijuaje? Nani mwingine alikuwepo? Wafundishe watoto maswali hayo wiki ya kwanza, kabla ya tarehe yoyote.

Na Biblia hiyohiyo inatuambia alichofanya Daudi kwa Uria, inatuambia Petro alimkana Bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Kitabu kisichomficha Daudi hakituruhusu sisi kumficha mmisionari, wala mzee wa kanisa, wala shujaa wa uhuru. Nitalirudia hili nikifika kwenye mambo machungu.

Hatua ya pili: anzia kwenye jiwe la msingi

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli wanachukua mawe 12 kutoka katikati ya Yordani na kuyasimamisha Gilgali, ili siku moja watoto waulize mawe haya maana yake nini. Angalia mpangilio wake: jiwe kwanza, swali la mtoto pili, maelezo ya mzazi mwisho. Sisi darasani huanza na maelezo, na swali likibaki dakika mbili kabla ya kengele huwa ni la mwalimu.

Makanisa mengi ya Nairobi yana jiwe la msingi karibu na mlango mkuu, lenye jina la askofu au mchungaji aliyeliweka na tarehe yake. Watoto hulipita kila Jumapili. Wapeleke hapo kipindi kizima. Usiseme kitu. Wape karatasi nyembamba na krayoni ya nta, waweke karatasi juu ya maandishi na kupaka krayoni kwa ubavu, taratibu, mpaka herufi zijitokeze. Kwa darasa la watoto 50 waende watano watano, wengine wakichora jengo. Wakirudi darasani, kila mmoja aandike mambo mawili: jiwe linatuambia nini, na jiwe halituambii nini.

Hilo la pili ndilo lenye utajiri. Mwaka tulipofanya hivyo mara ya kwanza, mvulana mmoja alisoma karatasi yake, jina la askofu, tarehe, aya ya Zaburi, kisha akauliza, "Na fundi?" Sikujua. Tulimwuliza mzee wa kanisa, naye akatutuma kwa mama mmoja auzaye sukuma wiki nje ya lango letu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichanganya saruji. Mama yule alikuja darasani siku ya Alhamisi na picha iliyofifia, imekunjwa mara nne: mwanamume mwembamba ameegemea beleshi, na nyuma yake ukuta umefika kimo cha kiuno. Watoto waliipitisha picha mkono kwa mkono wakiishika kwa ncha za vidole. Tangu siku hiyo wanamsalimia kwa jina lake wakipita langoni.

Kama shule yako haina jiwe, una kengele, au dawati la zamani kuliko yote, au daftari la ubatizo la kanisa. Omba ruhusa kwa mchungaji kabla ya kufungua daftari, maana lina mambo ya familia za watu. Mara nyingi ukurasa wa kwanza peke yake unatosha.

Hatua ya tatu: kamba ya miaka

Ukichoka na ukafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Nunua kamba ya katani, mita 21. Sentimita moja ni mwaka mmoja, kwa hiyo mita moja ni miaka 100. Funga uzi mwekundu kila penye mita. Darasa halitoshi, kwa hiyo itandaze kwenye veranda au uifunge kati ya miti miwili uani, kwa kimo cha kifua cha mtoto. Kata kadi za manila, tafuta vibanio vya nguo. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mwaka wenyewe ndio anwani: 1963 ni mita 19 na sentimita 63. Mtoto hahitaji kukokotoa chochote. Anasoma mwaka, anatembea, anapima kwa rula, anabana kadi yake.

Mwanzo wa kamba ndipo tunapoanzia kuhesabu miaka baada ya Kristo. Mkushi wa Matendo yuko kwenye sentimita ya thelathini na kitu, hatua moja tu. Alikuwa mtumishi wa Kandake, malkia wa ufalme wa Kushi, ambao mji wake mkuu ulikuwa Meroe, katika nchi ya Sudan ya leo. Mita 2 na sentimita 3, Perpetua na Felisita waliouawa Karthago kwa ajili ya imani, mmoja mama kijana wa ukoo wa heshima, mwingine mtumwa. Mita 3 na sentimita 54, kuzaliwa kwa Augustino huko Thagaste, ndani ya Algeria ya sasa. Karibu naye, katika karne hiyohiyo ya 4, Mfalme Ezana wa Aksum, aliyeweka msalaba kwenye sarafu zake. Karibu na mita ya 12, makanisa ya Lalibela yaliyochongwa kwenye mwamba, kutoka juu kwenda chini. Kisha 1498, Vasco da Gama atia nanga Malindi. 1593, Wareno waanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa. 1844, Krapf. 1886, Mashahidi wa Uganda wachomwa Namugongo. 1899, reli yafika Nairobi.

Sasa msimamishe mtoto mmoja kwenye kadi ya Krapf, umwambie atembee mpaka kwa Augustino, wenzake wakihesabu hatua. Ni karibu mita 15. Hapo hamna haja ya hotuba kuhusu Ukristo na wazungu; miguu yake imekwisha kumwambia.

Halafu mwambie mtoto mwingine alale chini, kichwa kwenye sentimita ya mwaka huu, na miguu ielekee nyuma. Mtoto wa Gredi ya 5 wa kimo cha mita 1 na sentimita 40 miguu yake inagusa Mashahidi wa Uganda. Reli yote, ukoloni wote, vita viwili vikuu vya dunia, Mau Mau, uhuru na marais wote wa Kenya wametandazwa juu ya mwili wake kuanzia nyayo hadi utosi. Mara ya kwanza nilipofanya hivi darasa zima lilitaka kulala chini mmoja mmoja, nikawaruhusu, na kipindi cha hesabu kilichofuata kikachelewa. Mwenzangu wa hesabu alinisamehe.

Mtaulizwa Musa na Ibrahimu wako wapi. Waambie kamba ingeendelea upande wa pili. Ibrahimu angepita lango na kuvuka barabara.

Nina maonyo mawili. Usibane kadi zaidi ya 12 kwa muhula, la sivyo kamba inageuka pambo. Na usiache sehemu ya katikati, kati ya mita ya 4 na ya 14, ikae tupu, maana mtoto huona utupu huo akadhani Afrika ililala. Mweke Ibn Battuta, Mwislamu wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331. Shule ya Kikristo haipungukiwi na kitu kwa kufundisha miji ya Waswahili na misikiti yake. Watoto wetu wana marafiki Pumwani na Eastleigh, wanasikia adhana kila siku. Krapf mwenyewe, alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka wa 1844, alisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Jambo hilo nalitaja darasani kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto anayetaka kujua waliongea nini walipokuwa wakitafuta maneno.

Hatua ya nne: mtu mmoja, kwa ukaribu

Kadi 12 kwenye kamba zinatosha kwa upana. Kwa kina, chagua mtu mmoja kila muhula na ukae naye vipindi vitatu au vinne. Nitatumia Krapf kwa kuwa yumo katika vitabu vyote na husimuliwa vibaya.

Anza na Julai 1844. Ana miezi michache tu Mombasa. Mkewe Rosine anajifungua, homa inamshika, anakufa. Mtoto wao mchanga wa kike anamfuata. Krapf anawazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Simulia hivyo, polepole, kisha nyamaza. Katika kila darasa kuna mtoto aliyezika mtu wa kwao, naye hujua kwamba umesema kweli.

Halafu nenda Rabai, 1846, alipokuja Johannes Rebmann, wakajenga misheni. Halafu nenda Ukambani, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Kitui anauona mlima wenye theluji. Hapa vitabu vingi huandika kwamba "aligundua" Mlima Kenya. Elekeza kidole kwenye maswali matatu yaliyo juu ya ubao na ungoje. Nani anasema? Krapf. Alijuaje? Aliuona kwa mbali. Nani mwingine alikuwepo? Wakamba, waliouita Kiinyaa, wakiwemo watu wa Kivoi, mkubwa wao aliyemkaribisha. Na Wagikuyu walioishi chini yake wakauita Kirinyaga. Watoto wangu wameamua neno la kuandika ni "aliuona", na mtu akisoma "aligundua" kwa sauti wanamsahihisha kwa pamoja. Waambie pia kwamba wasomi fulani wa Ulaya walikataa katakata kuwa theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, wala wao hawakuwa wamekanyaga huku. Swali la "alijuaje" halina rangi.

Usimwache Krapf peke yake kana kwamba aliifanya kazi yote. Mwonyeshe William Jones, mmoja wa wale Waafrika waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, wakapelekwa India kusoma, wakarudi pwani kufundisha na kuhubiri. Jones aliandamana na Askofu James Hannington katika safari ya 1885 ambayo askofu hakurudi. Mtaa wa Kengeleni, Mombasa, umepata jina lake kutokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru. Watoto wenye jamaa Mombasa wamelipita eneo hilo kwa matatu wakidhani ni jina tu.

Hatua ya tano: waulize wazee

Kazi ya nyumbani ya "chora mti wa ukoo wenu" nimeiacha. Kuna watoto wanaolelewa na mama peke yake, kuna wanaoishi katika makao ya watoto, kuna ambao baba hatajwi nyumbani. Badala yake kila mmoja amtafute mtu mzima yeyote mwenye miaka zaidi ya 50: shosho, babu, dani aliyeko ocha kwa njia ya simu, mpishi wa shule, bawabu. Na kamwe usiwaambie watoto wainue mikono kwa makabila. Nairobi tuna watoto ambao wazazi wao walifukuzwa makwao mwaka wa 2008 na wakaja kuanza upya hapa. Jeraha hilo bado halijawa historia.

Wape swali moja lenye tarehe. Lililonifaa kuliko yote ni hili: Ulikuwa wapi Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982? Ndiyo siku baadhi ya wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, na karibu kila mzee aliyekuwa hai anakumbuka. Babu mmoja alisema alilala chini ya kitanda siku nzima katika chumba cha Kaloleni. Mwingine alikuwa Machakos, alisikia redioni, akavaa koti akaenda kanisani kama kawaida. Shosho mmoja alikumbuka tu kwamba unga uliadimika dukani. Mtoto mmoja alikasirika: "Sasa nani anasema ukweli?" Tukaweka karatasi zote tatu ubaoni tukaanza kuuliza kila mmoja alikuwa wapi, alijuaje. Kufikia mwisho wa kipindi walikuwa wameona wenyewe kwamba wazee wote watatu wanasema ukweli, kila mmoja kutoka pale aliposimama.

Waandike sentensi tatu tu, kwa maneno ya mzee yaleyale, na neno moja la lugha yake ya mama likibaki kama lilivyotamkwa.

Hatua ya sita: mambo machungu

Hapa ndipo walimu wengi wa shule za kanisa huogopa, nami nilikuwa mmoja wao. Gredi ya 1 hadi ya 3 waachie vitu, picha na masimulizi. Kuanzia Gredi ya 4 unaweza kusema mengi, mradi usieleze mateso kwa undani na usimalize kipindi mtoto akiwa peke yake na hofu.

Sema kwamba wamisionari walifungua shule na hospitali. Sema pia kwamba baadhi ya misheni zilipata ardhi kubwa wakati wenyeji wakipoteza yao, hata Wagikuyu wakawa na msemo, Gutiri muthungu na mubia, hakuna tofauti kati ya mzungu na padri. Kisha waambie kwamba Jomo Kenyatta alijifunza kusoma katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, mahali ambapo jina lake lenyewe ni neno "Scots" lilivyotamkwa na Wagikuyu. Misheni ileile, ardhi na alfabeti. Usijaribu kupatanisha mambo haya mawili kwa niaba ya mtoto. Akikuuliza, "Kwa hiyo walikuwa wazuri au wabaya?" mrudishe kwenye jambo moja moja: hapa walifanya nini, kwa nani, na aliyetendewa alisemaje.

Mau Mau ndiyo mtihani mkubwa. Katika darasa moja la Nairobi unaweza kuwa na mjukuu wa mpiganaji wa msituni, mjukuu wa askari wa serikali, na mjukuu wa ndugu wa Uamsho, ile harakati ya Wakristo waliookoka, aliyekataa kula kiapo kwa sababu alisema damu ya Yesu inamtosha. Wote watatu wanahitaji kutoka darasani vichwa vyao vikiwa juu. Mimi hufuata mpangilio huu: ardhi na kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, kwanza, ili wajue watu walikasirishwa na nini, hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kambi na vijiji vya uzio, kunyongwa kwa Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957. Halafu naongeza Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo, ambao baadhi yao walikataa pia kushika bunduki ya serikali. Halafu mwaka wa 2013, serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa. Watoto hukaa kimya wakisikia kwamba wazee walingoja zaidi ya nusu karne.

Kama unaweza kupata picha, waonyeshe michoro ya ukutani aliyoichora Elimo Njau mwaka wa 1959 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati ule. Njau aliyaweka maisha ya Yesu kati ya watu na vilima vya Kiafrika. Ulizeni pamoja: kwa nini mchoraji, katika mwaka kama ule, aliamua Yesu afanane na wao? Nimepata majibu mengi kwa swali hilo, na machache yalifanana.

Hatua ya saba: shuka mjini

Siku moja ya mwaka, na miguu. Piga simu kwanza, pata barua za wazazi, mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane, na kwenye vivuko washike kamba. Anzieni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa benki zamani, ambamo mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, umewekwa. Pandeni hadi sanamu ya Kimathi, kisha Kenyatta Avenue kwenye sanamu tatu za shaba za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwache mtoto asome Kiswahili kile cha zamani kwa sauti. Wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, na mtaa wa Kariokor umechukua jina la kikosi chao, Carrier Corps. Watoto wangu wanaopanda matatu ya Kariokor kila asubuhi walirudi kusoma maandishi yale mara ya pili bila kuambiwa.

Malizieni Uhuru Park na Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo ng'ambo ya barabara. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, walipofukuzwa kwa marungu pale bustanini walikimbilia ndani ya kanisa hilo, wakakaa humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mkiwa na kasisi, awasimulie hapohapo. Muda ukibaki siku nyingine, kuna Jumba la Makumbusho ya Reli, na behewa ambalo simba alimnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka wa 1900. Hilo halihitaji mwalimu.

Kupima walichojifunza

Fupi: usiulize tarehe peke yake. Mpe mtoto kitu ambacho hajawahi kukiona, tiketi ya zamani ya reli, picha, ukurasa wa daftari, na umwombe ayajibu maswali matatu ya ukutani kwa kuandika. Karatasi za krayoni, sentensi za wazee na kadi za kamba ziingie katika faili yake ya kazi, mzazi azione siku ya wazazi.

Muhula ukiisha, kunja kamba kwa kuizungusha kwenye kipande cha ubao, ukianzia upande wa Kristo ili mwisho wake ubaki nje. Usitoe kadi. Panya hupenda katani, kwa hiyo iweke ndani ya ndoo yenye kifuniko. Darasa jipya likija Januari, litakuta kadi za waliotangulia na nafasi ya sentimita moja zaidi, na kazi yao ya kwanza ni kuamua ni nini kitabanwa hapo.